Unga Una Kiu: Maandazi, Kashata, Ubuyu na Keki Vinapogoma Jikoni Dodoma

Nilipohamia Dodoma nikitokea Tanga, maandazi yangu ya kwanza yaliota gamba. Nilikanda kwa kipimo kile kile alichonifundisha mama: unga wa ngano kilo moja, tui na maji nusu lita, hamira, sukari, hiliki. Nikafunika bakuli kwa sahani, nikaenda kufua. Niliporudi donge lilikuwa limeumuka kidogo tu, na juu yake pameshika ngozi kavu yenye nyufa, mfano wa udongo wa bwawa mwezi wa Oktoba. Jirani yangu, bibi wa Kigogo, alikuwa amekuja kuazima chujio. Akalibonyeza donge kwa kidole, akasema, "Mjukuu wangu, unga wako una kiu." Akaenda zake na chujio. Jioni chujio lilirudi na karanga mbichi ndani yake, kwa sababu hapa mtaani chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Maneno yale yalinifungua macho. Mapishi mengi tunayotumiana kwenye simu yameandikwa na watu wa Pwani, kwenye hewa ya Pwani. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu. Kwa hiyo unga hapa unakunywa maji zaidi, donge linakauka upesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na gesi iliyo ndani ya keki inatanuka kuliko ambavyo mwandishi wa pishi alikusudia. Mtu akifuata kipimo cha Tanga neno kwa neno akaharibikiwa, atadhani hana mkono wa mapishi. Mkono anao, ila kipimo hicho ni cha hewa nyingine.

Ninachoandika hapa ni mpangilio ninaoutumia ndugu au jirani anaponipigia simu akiwa mbele ya jiko. Kwanza namuuliza ameona nini, ndipo tunatafuta chanzo. Nakuomba jambo moja tu: ukirekebisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza maji, ukapunguza sukari na kubadilisha hamira siku moja, maandazi yakitoka mazuri hutajua umshukuru nani.

Donge haliumuki

Anza na hamira, maana ndiyo iliyo hai na ndiyo inayoweza kufa. Tia kijiko cha chai cha hamira na kijiko cha chai cha sukari kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, koroga, acha dakika 10 hadi 15. Likipanda povu zito, hamira ni nzima. Yakibaki maji ya rangi ya udongo yaliyotulia, mwaga. Hata ukande mpaka magharibi haitafufuka. Pakiti ikishafunguliwa ikaachwa wazi kabatini, nguvu inaondoka taratibu. Mimi naihamishia kwenye kichupa kikavu chenye mfuniko, naiweka kwenye friji.

Hamira ikiwa nzima, mshuku maji. Asubuhi za baridi watu wanakandia maji ya moto wakidhani wanaisaidia hamira, kumbe wanaiua, kwa sababu joto likifika nyuzi 55 hadi 60 haiponi. Dondoshea maji kwenye kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto. Yakikuchoma wewe, yataichoma na hamira.

Maji yakiwa sawa, basi ni baridi yenyewe. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Dodoma unashuka hadi nyuzi 13 au 14, na jikoni asubuhi sakafu ya saruji inauma miguu. Donge lililozoea kuumuka kwa saa moja Tanga litataka saa mbili na nusu au tatu hapa. Usiongeze hamira ili kulikimbiza. Maandazi yatanuka uchachu. Tafuta sufuria ya maji ya uvuguvugu, weka bakuli la donge juu yake, funika vyote kwa khanga nzito, vumilia. Wengine wanaingiza jiko la mkaa chumbani ili donge lipate joto. Hapo nakusihi usifanye hivyo kabisa, hasa kama umefunga madirisha na watoto wamelala: moshi wa mkaa usioonekana unaua watu kimya kimya.

Chanzo cha mwisho ni sukari. Kwenye kilo moja ya unga, gramu 150 zinatosha, 200 ndiyo mwisho wangu. Ukizidisha, sukari inavuta maji ambayo hamira ilikuwa inayahitaji, kila kitu kinazubaa. Anayetaka maandazi matamu zaidi anyunyize sukari juu yakishaiva.

Donge limeota gamba, au maandazi yametoka magumu

Hili ndilo tatizo la Dodoma hasa, na chanzo chake ni kiu. Unga uliokaa dukani au ndani kwenye hewa kavu umepoteza unyevu wake, kwa hiyo unapoukanda unanywa zaidi ili kufikia ulaini ule ule. Kwenye kilo moja mimi sasa naanza na nusu lita, halafu naweka pembeni robo kikombe ya ziada ninayoimimina kidogo kidogo. Miezi ya masika mara nyingi naibakiza. Agosti naimaliza yote na wakati mwingine naongeza vijiko viwili.

Utajuaje limeshiba? Bonyeza kiganja chote juu ya donge, hesabu moja, inua. Donge lililoshiba linanata kwa muda huo mfupi, linavutika kidogo kufuata ngozi, kisha linaachia bila kuacha kitu mkononi. Lisiponata hata kidogo bado lina kiu. Likibaki kati ya vidole limezidi. Usilirushie unga haraka, likande dakika tano kwanza, kwa sababu mara nyingi linajikusanya lenyewe.

Gamba linazuiwa na kitambaa. Chovya kitambaa safi cha pamba kwenye maji, kikamue sana, funika bakuli. Sahani haitoshi, inaacha upenyo na upepo wetu unajua kupita. Paka pia donge mafuta kiduchu kabla ya kulifunika. Watu wengi wanafunika donge lakini wanasahau vipande vilivyokwisha kukatwa, na hivyo ndivyo vinavyokauka haraka zaidi. Nimeona sinia la vipande 40 likishika ngozi wakati mpishi anasubiri mafuta yapate moto. Ngozi hiyo ikiingia kwenye mafuta haitanuki: andazi linapasuka ubavuni au linabaki bapa.

Kama gamba limeshaota, usilikande ndani ya donge, utapata vidonge vigumu. Lilowanishe kwa kiganja chenye maji ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa kibichi kwa dakika 20. Likilainika endelea, likikataa libandue ulitupe.

Kuhusu nazi: inatoka mbali kufika hapa na bei yake inaonyesha. Maziwa mabichi yaliyochemshwa na kupozwa yanafanya kazi nzuri, pamoja na vijiko vitatu vya mafuta au siagi. Ladha inakuwa nyingine, nami nimejifunza kuipenda. Anayesema andazi bila tui si andazi aje anywe chai kwangu.

Hayana uwazi ndani

Mara nyingi umesukuma nyembamba mno. Acha unene wa sentimita moja. Ukishakata, pumzisha vipande dakika 15 hadi 20 chini ya kitambaa, kisha tia kwenye mafuta upande uliokuwa juu utangulie chini, na papo hapo umwagie mafuta ya moto mgongoni kwa kijiko. Ngozi zote mbili zikipata joto pamoja, mvuke wa ndani unazitenganisha na andazi linajaa.

Nje meusi ndani mabichi, au yamekunywa mafuta

Haya ni magonjwa mawili ya mafuta yale yale. Kwa nyuzi, tafuta 170 hadi 180. Kama huna kipimajoto, kata kipande cha donge kama punje ya hindi, tia. Kikizama na kutulia chini, mafuta ni ya baridi, na ukikaanga hivyo maandazi yatakunywa mpaka yaloe. Kikizama kisha kikapanda polepole kimezungukwa na vipovu, tia maandazi. Kikielea na kugeuka kahawia kabla hujahesabu 10, ondoa sufuria jikoni kwa muda. Kwenye jiko la mkaa joto halitii amri kama gesi. Mimi naweka kibati cha majivu karibu na kuyanyunyizia makaa yanapochachamaa. Usijaze karai pia. Kila andazi linaloingia linapoza mafuta, ukitia 12 kwa pamoja umerudi kwenye mafuta ya baridi.

Mafuta ya alizeti yanafanya povu hadi yanataka kumwagika

Tuko katikati ya nchi ya alizeti, Singida na Dodoma, na mafuta ya kukamuliwa kwenye mashine ndogo ni mazuri na yana harufu ya kwetu. Lakini hayajasafishwa: yana utomvu wa mbegu na unyevu, na vyote hivyo vinatoa povu na moshi yakipata moto mkali. Mimi nayatumia kwenye donge lenyewe, kwenye mboga na kwenye keki. Kwa kukaangia maandazi ya watu wengi natumia yaliyosafishwa. Kama unayo hayo ya mashine tu, yaache kwenye dumu wiki nzima bila kulitikisa, mimina ya juu taratibu, yapashe kwa moto mdogo mpaka povu la kwanza liishe, ndipo uongeze moto. Karai lisizidi nusu. Mafuta yaliyosafishwa nayo yakianza kufanya povu, kunata na kuwa meusi, ni kwamba yamechoka. Usiyachanganye na mapya ili kuyaokoa.

Kesho yake yamekuwa makavu

Funika yakiwa bado na joto kidogo, si ya moto. Ya moto ndani ya hotipoti yanatoka jasho, yanalowa na kuchacha. Yaliyopoa kabisa kwenye sinia wazi, upepo wetu unayamaliza kabla ya adhuhuri. Friji nayo si dawa, kwa sababu vitu vya ngano vinakakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi wake. Kama ni ya kukaa zaidi ya siku mbili, yagandishe kabisa kwenye friza.

Kashata inanata, inainama, haitaki kukauka

Hapa nitakaa kidogo, maana kashata za karanga ndiyo zawadi ninayoipenda kuliko zote, na karanga zetu zinastahili. Kipimo changu: karanga zilizokaangwa na kumenywa nusu kilo, sukari gramu 400, maji robo kikombe, maji ya ndimu kijiko cha chai kimoja, chumvi kidogo na hiliki.

Kashata laini ina maana shira yako ilitoka jikoni na maji ndani yake. Dondosha tone la shira kwenye kikombe cha maji baridi, ulitoe. Likibonyea kama gundi, bado. Likiwa gumu lakini linapinda, bado kidogo. Likivunjika kwa mlio, "ta!", kama kijiti kikavu, hapo ndipo. Wenye kipimajoto wanasoma kwenye mapishi wapeleke shira nyuzi 150. Hapa kwetu, kwa kuwa maji yanachemka nyuzi nne chini, hali hiyo hiyo inafika kwenye 146 hivi. Ukingoja 150 ya kitabuni, dakika mbili tatu hizo zinatosha kuleta uchungu. Lakini hata mwenye kipimajoto namshauri asiache kikombe cha maji. Tone halidanganyi.

Ikiwa kashata zilitoka ngumu vizuri, halafu baada ya siku mbili zikaanza kunata, shira haina kosa. Ni mvua. Sukari iliyopikwa hivi inavuta unyevu wa hewani, na Februari hata Dodoma hewa ina maji. Zifungie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana mara tu zikipoa, karatasi ya kuokea katikati ya tabaka na tabaka. Kiangazi unaweza kuziacha mezani mchana kutwa zikabaki ngumu, na hapo hewa kavu inakuwa rafiki yetu.

Shira imegeuka chenga

Umeikoroga wakati haitaki. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, halafu weka mwiko chini. Punje moja ya sukari iliyobaki ukutani mwa sufuria ikidondoka ndani, inaita wenzake na shira yote inarudi kuwa sukari. Ndiyo maana tunatia ndimu: inavunja sehemu ya sukari isiweze kushikana tena kirahisi. Pangusa pia kuta za sufuria kwa brashi iliyolowa.

Ikishageuka kabla ya kutia karanga, ongeza nusu kikombe cha maji, rudisha kwenye moto mdogo, iyeyuke, anza upya. Kama karanga zimo tayari, endelea kukoroga moto ukiwa mdogo mpaka zitengane moja moja, kila punje ikiwa na koti lake la sukari. Hizo ni karanga za sukari, watoto wanazigombania, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwa unapika kitu kingine.

Kashata chungu

Kuna uchungu wa aina mbili na lazima uzitofautishe. Lamba shira iliyobaki kwenye mwiko. Ikiwa chungu, umeiunguza; mwaga, sukari ni rahisi kuliko aibu. Shira ikiwa tamu, tafuna karanga peke yake. Uchungu wa karanga iliyokaangwa sana unaujua kwa weusi wa ndani. Lakini karanga isiyoungua ambayo ni chungu, imesinyaa, ina madoa, imebadilika rangi au inanuka uvundo, isogeze mbali na watoto.

Hili nalisema kwa moyo wote. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka na karanga, si hadithi ya mbali kwetu. Mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na watu walifariki. Karanga nazo zinashambuliwa na kuvu hao hao, hasa zilizovunwa zikapigwa mvua au kuhifadhiwa mbichi kwenye viroba. Kuzikaanga hakuiondoi sumu yote, na kuifunika kwa sukari na hiliki ni kuipamba tu. Kabla ya kukaanga, mwaga karanga kwenye ungo mweupe au sinia, kwenye mwanga, chambua punje kwa punje. Unayotupa usimpe kuku wala mbuzi. Kwenye nusu kilo nzuri nachambua kwa dakika kumi hivi. Nikikuta mbovu nyingi kiasi cha kujaza kiganja, narudisha zote kwa muuzaji na kumwambia kwa nini, bila ugomvi, maana pengine naye hajui alichouziwa.

Zinavunjika ovyo ukikata

Umechelewa. Paka mafuta kibao, kisu na mti wa kusukumia kabla hata sukari haijayeyuka. Ukishamimina una dakika tatu hadi nne. Kwenye upepo wa Julai nahesabu mbili, nafunga dirisha.

Ubuyu unanata mkononi, au unga unabanduka na kubaki mbegu tupu

Mbuyu ni mti wa huku. Ukitoka mjini kuelekea Mpwapwa au Kongwa unaiona imesimama mashambani. Ubuyu wa rangi wenyewe tumejifunza kwa watu wa Visiwani na Pwani, na wanasafirisha malighafi kutoka bara. Mimi naona raha kuupika hapa hapa unapodondoka.

Kwa kilo moja ya ubuyu wenye mbegu, chukua sukari nusu kilo, maji vikombe viwili, hiliki, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga kadiri ya wageni wako. Ukibanduka, kosa lilianzia kabla ya jiko: hukuchekecha. Chekecha kwanza, unga unaodondoka uweke pembeni. Usipouondoa, unakunywa shira kabla mbegu hazijaipata, unafanya tope, na tope likikauka linabanduka. Unga huo uliouweka pembeni unyunyizie mwishoni, sufuria ikiwa imeshatoka jikoni, ndio unaotenganisha punje zisishikane.

Ukinata, shira ilikuwa nyepesi. Ichemshe mpaka ukiishika kati ya vidole viwili (ipoze kidogo kwanza kwenye kijiko) itoe uzi. Tia ubuyu, punguza moto kabisa, geuza bila kusimama hadi shira yote ishike. Halafu tandaza kwenye sinia, kivulini. Juani rangi inapauka.

Nikitaja rangi: tumia rangi ya chakula, kidogo. Ile ya kutilia ukili wa mikeka ni ya mikeka. Najua inang'aa zaidi. Ubuyu mwekundu hafifu wenye hiliki ya kutosha unaisha bakulini mapema kuliko mwekundu wa kutisha.

Keki imepanda vizuri, kisha ikabonyea katikati

Umeiona inapanda kwa furaha, ukawaita watoto, ukafunua, ikazama. Kama ulifunua kabla ya dakika 25, sababu ni hiyo. Kama hukufunua, sababu ni mwinuko wetu. Hewa ya huku ina shinikizo dogo, kwa hiyo gesi ya beking pauda inatanuka haraka, keki inapanda kabla kuta zake hazijaiva kiasi cha kujibeba, inaanguka. Kila kijiko cha chai cha beking pauda nakipunguza kwa moja ya nane, yaani kijiko kisicho na kichuguu, kikwanguliwe kwa kisu, kisha uondoe kidogo zaidi. Kila kikombe cha sukari natoa kijiko kimoja cha chakula, na kila kikombe cha unga naongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa. Mabadiliko haya yanaonekana madogo kama nini, lakini keki yangu ya Krismasi iliacha kubonyea mwaka nilioyafuata.

Chini imeungua juu mbichi? Kwa keki ya mkaa, gawa makaa mafungu matatu: mawili juu ya mfuniko, moja chini. Watu wanafanya kinyume kwa sababu mkaa wa chini ndio waliouzoea. Mchanga mkavu chini ya sufuria ya keki unasaidia, unene wa vidole viwili.

Zabibu kavu zimezama? Zilikuwa zimelowa au unga wako ni mwepesi mno. Zikaushe kwa kitambaa, zigaragaze kwenye kijiko cha unga mkavu, tia mwishoni.

Jemu ya zabibu haishiki

Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukishamiri zinakuja kwa ndoo kutoka Hombolo, Mpunguzi na vijiji vingine. Haziwezi kuliwa zote mbichi. Jemu ikibaki maji maji, sababu ni mbili. Zabibu zilizoiva sana zina utomvu mchache wa kugandisha, kwa hiyo changanya na zile ambazo hazijaiva sawasawa, karibu robo ya zote, na utie maji ya ndimu mbili kwa kilo. Au hukuichemsha vya kutosha: weka kisahani kwenye friza, dondosha jemu, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikijikunja, imeshika. Vitabu vinasema nyuzi 104 hadi 105. Hapa ni 100 au 101. Niliwahi kungoja 105 kwa uaminifu mkubwa, nikapata kitu kama lami kisichotoka chupani, na kilo tatu za zabibu zikaenda hivyo. Mbegu zichuje kabla ya kutia sukari.

Vimefika vimevunjika, vimechacha au vimechanganyika harufu

Kashata na ubuyu ndivyo vinavyosafiri vizuri, hata kwa basi la usiku hadi Mwanza. Panga kashata zikisimama kama vitabu, si kulala, jaza nafasi kwa karatasi zilizofinyangwa ili zisicheze. Ubuyu weka chombo chake peke yake, maana pilipili na hiliki vinahamia kwenye keki. Jemu mimina ikiwa ya moto kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, funga papo hapo.

Maandazi kwa basi la kutwa nilikuwa sithubutu kuyatuma Dar. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024, nakaanga alfajiri, nayaacha yapoe mpaka kiganja kisisikie mvuke, nayafunga kwenye kitambaa cha pamba ndani ya ndoo yenye mfuniko, nampa ndugu anayesafiri asubuhi. Dada yangu anayapokea kabla ya chai ya saa kumi. Wiki iliyopita ndoo ilirudi na nazi nne.